Mchaichai wa Yudita kwa Daktari wa Meno

Ndugu zangu Ambilikile na Nsajigwa, hamjambo huko Mbalizi?

Leo nimejiaibisha. Si kidogo. Nimejiaibisha mbele ya benchi zima la wagonjwa hapa Iringa, mchana kweupe, tena nikiwa nimevaa lile shati langu jeupe la Jumapili. Nawaandikia kutoka kibarazani kwa shemeji yangu, jua bado liko juu, na wino nimeuazima. Nimeona afadhali mlisikie jambo hili kwangu mimi kabla halijawafikia kwa midomo ya abiria.

Mnamfahamu binti yangu Yudita, yule wa miaka saba. Wiki nzima hii gego lake la chini limemtesa. Shavu limevimba kama ameficha andazi. Hali, halali, na mimi silali. Juzi nilimpeleka kwa dresa, mfunga vidonda wa zahanati yetu. Dresa akatoa koleo. Yudita akaliona koleo, akamng'ata dresa kidole, akaingia chini ya kitanda. Ikabidi dresa afungwe bendeji. Yudita akarudi nyumbani na jino lake.

Basi tukasikia kuna daktari wa meno, Mzungu, amekuja Iringa kwa siku tatu. Leo ndiyo ya mwisho. Akiondoka, harudi mpaka mvua ziishe. Mke wangu ana mtoto mchanga, hawezi kusafiri. Nani aende? Mimi, Mwalimu.

Mama yangu mzazi akaniita pembeni. Mama amelea watoto tisa, akisema jambo kuhusu watoto huwa sibishi.

"Zakaria, mtoto huyu haumwi jino tu. Ana woga. Woga nao una dawa yake."

Akanipa fungu la majani ya mchaichai. Akaniambia yachemshwe, yatiwe asali, na mtoto anywe polepole, vuguvugu, akiwa pale pale kwenye benchi la kungojea. Moyo utatulia, atafungua mdomo mwenyewe. Dawa njema kabisa, wala sina neno nayo. Ubaya wote ulianzia kwenye asali.

Asali haikuwepo. Nilikuwa nimeimaliza juzi na viazi vitamu. (Msiniulize. Mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa peke yangu.) Mke wangu alipochemsha mchaichai alfajiri na kuulizia asali, nikamwambia, "Nipe chupa tu, asali nitaitia njiani." Akaniangalia. Mnajua wake zetu wanavyoweza kumwangalia mtu.

Tulipofika Nyololo basi likasimama. Kando ya barabara alikuwepo mama mmoja na kibuyu cha ulanzi. Nyinyi watu wa kwenye ndizi huenda hamuujui vizuri, niwaeleze. Ulanzi ni maji ya mwanzi. Ukiukata mwanzi mchanga unatoa maji, na yakigemwa asubuhi ni matamu kama sukari, hata watoto hunywa. Hayo ni ya asubuhi. Yakikaa mpaka mchana huwa pombe, na watu wazima huimba.

"Kamwene, Mama. Huu ni wa leo?"

"Kamwene, Mwalimu. Nimeugema sasa hivi, bado una usingizi. Hata mtoto mchanga anakunywa."

(Alijuaje kwamba mimi ni mwalimu? Kaptula, soksi ndefu na kalamu mfukoni.)

Nikaonja. Mtamu! Nikamwomba aniongezee kwenye chupa ya mchaichai, akajaza mpaka shingoni. Je, nilimuuliza kama kibuyu kimeoshwa, au kina masalia ya ulanzi wa jana? Sikumuuliza. Nimezaliwa kwenye mianzi, najua vizuri masalia ya jana yanavyouharakisha ulanzi wa leo. Lakini mtu aliyekwisha kumdanganya mke wake hapendi kuuliza maswali mengi. Nikaziba chupa kwa gunzi la hindi, nikaligonga kwa kiganja likakaza. Nikaiweka chupa ndani ya koti, upande wa tumbo, ibaki vuguvugu kama mama yangu alivyosema.

Ndugu zangu, barabara mnaijua. Basi lilirukaruka kutoka Nyololo mpaka hapa, jua likinipiga ubavuni kupitia dirishani. Ile chupa ililelewa vizuri kuliko mtoto wangu.

Saa saba tukafika hospitali. Kwenye benchi kulikuwa na watu wanane hivi, wote wameshika mashavu. Nafasi iliyobaki ilikuwa karibu na mama mmoja aliyejifunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini. Akageuka. Mama Mchungaji! Mke wa mchungaji wa hapa hapa, ambako wiki mbili zilizopita nilialikwa kuzungumza na vijana kanisani. Nilizungumza saa nzima. Juu ya nini? Juu ya ulevi.

"Mwalimu," akasema kwa upande mmoja wa mdomo, "maneno yako yale bado tunayo."

Nikashukuru kwa unyenyekevu.

Mara sauti ikatoka chumbani kwa daktari. Mtu mzima analia, "Mama yangu wee!" Yudita akanishika mkono kwa kucha zote kumi. Nikajua wakati wa dawa umefika. Nikazibua chupa. Ikasema *fsss*. Nikadhani ni mvuke. (Mimi ndiye ninayewafundisha watoto wa watu sayansi.)

Nikammiminia kwenye kikombe.

"Kunywa, mwanangu. Dawa ya Bibi. Inatuliza moyo."

"Kunywa wewe kwanza, Baba."

Nikanywa. Ilichomachoma ulimi kidogo. Nikasema moyoni, mchaichai wa Mama una nguvu.

Yudita akagusisha mdomo, akakunja uso. "Inauma kwenye jino! Sitaki. Kunywa tena nione."

Nikanywa tena ili aone. Akasema hajaona vizuri. Kufupisha habari, nilikunywa vikombe vitatu nikimbembeleza mtoto, na yeye hakumeza hata tone. Nikaiziba chupa, nikaligonga gunzi kwa nguvu zaidi, nikairudisha ndani ya koti.

Dawa ya Mama inafanya kazi, nawahakikishia. Woga wangu wote ulinitoka. Nikaanza kuwafariji wagonjwa wenzangu. Nikamwambia mzee mmoja wa Kihehe aliyekaa mwisho wa benchi kwamba jino ni kitu kidogo sana. Nikamweleza Mama Mchungaji faida za mitishamba, moja baada ya moja, na nadhani nyingine nilizitaja mara mbili. Akanitazama kwa makini, akasogea kidogo. Nikafikiri ananiachia nafasi.

Dresa wa hospitali akatokea mlangoni na trei na karatasi. "Watoto kwanza! Yudita binti Zakaria!"

Nikainuka. Yudita hakuinuka. Akajikunyata, macho yamejaa machozi, akaukumbatia mguu wa benchi. Watu wote wakatutazama. Hapo ndipo nilipoona huruma na hofu kwa pamoja: daktari anaondoka leo, mtoto hajalala wiki nzima, na nikimvuta kwa nguvu atamng'ata dresa wa pili. Nikainama nimbembeleze. Nilipoinama, nikaibana chupa.

PAA!

Gunzi lilitoka kifuani kwangu likapiga dari, likarudi chini, likaangukia kwenye trei ya dresa. Trei ikaanguka. Povu likapanda shingoni, likaingia kwenye sikio langu, na lililobaki likatua kwenye kitambaa cha Mama Mchungaji. Dresa alikuwa amelala kifudifudi. (Baadaye niliambiwa alikuwa vitani Burma.)

Yule mzee wa mwisho wa benchi akainua pua, akavuta hewa taratibu.

"Ulanzi," akasema. Akavuta tena. "Umeiva."

Daktari akatoka mbio na koleo mkononi. "Nani amepiga bunduki?"

"Si bunduki, Daktari," akajibu mzee kwa heshima zote. "Ni Mwalimu."

Nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia wiki nzima. Yudita anacheka! Ameketi sakafuni, kichwa nyuma, mdomo wazi mpaka kooni, anacheka mpaka machozi mapya yanafuta yale ya zamani. Daktari akachuchumaa mbele yake, akachungulia mle mdomoni. Halafu akamwambia kwa upole, "Jino lenyewe linacheza. Ni kazi ndogo. Tuingie?"

Yudita akainuka. Mimi nikainuka pamoja naye. Dresa, ambaye sasa alikuwa amesimama na kujipangusa, akaniwekea mkono kifuani.

"Samahani, Mwalimu. Walevi wanangoja nje."

Mbele ya benchi zima! Nikataka kujieleza. Nikafungua mdomo kusema neno *mchaichai*, na ndugu zangu, halikutoka. Lilitoka nusu, likarudi. Mzee wa Kihehe akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Aliyemshika Yudita mkono akaingia naye ni Mama Mchungaji, povu likimdondoka kidevuni. Mimi nikakaa nje kwenye ngazi, nzi wakinizunguka, nikimwomba Mungu mtoto asilie. Hakulia. Nilisikia sauti ya kitu kikidondoka kwenye bakuli, halafu nikamsikia akiuliza, "Baba yangu bado ananuka?"

Akatoka na pamba mdomoni na jino kwenye karatasi. Akanionyesha. Nikamkumbatia, shati likiwa limeloa vile vile, na nikiri kwamba nililia kidogo. (Watu watasema ni ulanzi. Waache waseme.)

Mama Mchungaji naye alipoitwa, zamu yake ilipofika, alisimama mlangoni muda mrefu. Akageuka, akanijia pale ngazini, akainama sikioni kwangu.

"Mwalimu," akanong'ona, "ile dawa ya woga. Imebaki hata kidogo?"

Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja. Nilimpa nyuma ya ukuta, na hilo mtakufa nalo.

Sasa Yudita amelala hapa pembeni yangu, shavu limeanza kushuka. Nilichojifunza leo ni kwamba asali ya dawa isiliwe na viazi. Nawasihi msicheke. Na kama hamtaweza kujizuia, basi walimu wenzenu wakiuliza barua imetoka kwa nani, waambieni ni Zakaria mwingine.