Toazi Jembamba la Eliya

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa limeingia kwenye kwaya yetu. Linaitwa Eliya. Limehamia hapa Kalangalala kutoka Buseresere, na toazi kwapani, limeviringishwa kwenye blanketi la kitoto.

Mimi ndiye mpiga drams wa kanisa hili tangu binti yangu Loveness hajaota meno. Sasa yuko kidato cha pili. Sijawahi kuwa na mpinzani!

Leo mazoezini Eliya akalifunga toazi lake kwenye stendi. Ni lile la kutilia mkazo mwisho wa ubeti, wapigaji wanaliita krashi. Akaligusa ukingoni kwa kijiti. Shaaa! Kama mtu kafungua dirisha asubuhi. Sauti ikapanda, ikatanuka, ikajiondokea yenyewe bila kufukuzwa. Nikafumba macho. Nikaona ziwa. Nikaona nyangenyange wakiruka wote kwa pamoja.

Kisha nikapiga langu. Ngwaaang! Langu nene, zito, halijui kunyamaza. Mama Blessing, mwalimu wa kwaya, alilikamata kwa kitenge ndipo akaweza kuzungumza.

Alisema Jumapili tunakwenda Samuye, uzinduzi wa kanisa jipya. Gari dogo. Mpiga drams mmoja tu. Atamchagua Alhamisi.

Samuye! Kwa wakwe zangu! Mama mkwe atakuwepo. Yeye husema binti yake aliolewa na kelele.

Lazima niende mimi.

Jumanne, 5 Agosti

Toazi jembamba linataka kuning'inia kwa raha. Ukilibana, linakufa. Hilo nalijua. Nikawahi mazoezini, nikakaza nati ya toazi la Eliya mpaka vidole vikauma. Kisha nikakaa kwenye benchi la besi, mpole kama shemasi.

Mama Blessing akaja na wazo jipya. Akasema leo nianze mimi kupiga toazi la Eliya, aone kama tofauti iko kwenye chombo au kwenye mkono. Nikasema mgeni apewe heshima aanze. Akasema, “Keti, Baba Loveness.”

Nikaketi. Kab! Kama mlango wa choo. Nikaongeza nguvu. Kab! Soprano wakacheka hadharani. Mama Blessing akasema basi, amejua, ni mkono.

Ningelegeza vipi nati mbele ya watu wote? Eliya akaja, akailegeza mwenyewe, akapiga. Shaaa! Akaninong'oneza kwamba pengine vumbi la Geita hukaza nati. Akatabasamu bila kinyongo chochote.

Mtu hatari sana.

Jumatano, 6 Agosti

Mpango mpya. Kama wembamba ndio siri, langu nalo lipunguzwe!

Nikaenda kwa rafiki yangu Mwigulu, fundi wa karasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Nikamwambia krashi yangu ni nene mno. Akauliza ni karasha ya dizeli au ya umeme. Nikasema ya mkono. Akashangaa, akasema karasha ya mkono itasaga mawe mangapi? Tukaelewana nilipolitoa toazi kwenye mfuko.

Akawasha grinda. Cheche! Shaba ikageuka rangi: dhahabu, zambarau, bluu ya jioni. Uzuri ulioje! Nikazama. Nikajiona Samuye, toazi likimeremeta, mama mkwe akipepea leso, watoto wakipewa jina langu…

“Oya, limepasuka,” Mwigulu akasema.

Ufa wa kidole kizima, toka ukingoni. Akatoboa kitundu mwisho wa ufa ili usitembee zaidi. Nikalipiga. Chwee! Kama kuku kaangukia bati. Nyumbani mke wangu Apolonia alilisikiliza, akasema angalau sasa linawahi kunyamaza.

Alhamisi, 7 Agosti

Amechaguliwa Eliya. Nilipiga makofi kwa uso wa msiba.

Kisha Eliya akasimama! Akaomba radhi, akasema mkewe bado yuko Buseresere na anakaribia kujifungua, lazima aende. Akanikabidhi toazi lake. Mimi! Blanketi alilichukua, akasema sasa lina mwenyewe.

Akanieleza nilipige kwa kuteleza, kama napangusa vumbi mezani, nisilichape wima. Ni jembamba, litasema lenyewe. Niliitikia kwa kichwa. Sikusikia vizuri. Nilikuwa nimeshafika Samuye.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Mimi ni kinyozi, lakini kinyozi gani anafungua saluni leo? Mtaa wote umekwenda kwenye maonesho. Nimelitundika toazi uani, chini ya kamba ya nguo.

Nikaligusa kwa ncha ya kidole. Likahema. Nikalipangusa kwa kijiti. Sauti ikafunguka, ikapita juu ya ukuta, ikaenda zake kama moshi. Loveness akatoka ndani na kitabu chake, akaketi kizingitini. Nikapiga, tukasikiliza mpaka mwisho kabisa, pale ambapo hujui kama bado unasikia au unakumbuka. Nikapiga tena. Jua likatuhama.

Halafu nikawaza: kama kugusa tu ni hivi, nikilitandika je?

Jumapili, 10 Agosti

Samuye. Kanisa limejaa. Mama mkwe kiti cha mbele.

Kiitikio cha kwanza nikapangusa. Shaaa! Mama mkwe akageuza kichwa. Akatabasamu! Tangu siku ya harusi sijaliona jino lake.

Nikataka asimame. Nikataka alie! Kiitikio cha mwisho nikainua mkono kama napasua mwamba, nikashusha.

Toazi likagawanyika. Kipande kama mwezi mchanga kikaruka juu ya alto, kikatua kwenye sadaka za mavuno, katikati ya mtama na jogoo aliyefungwa miguu. Jogoo akaimba peke yake, kwaya ilikuwa imenyamaza. Bibi mmoja akalia kwa Kisukuma, “Mayu wane!” Yaani mama yangu!

Baada ya ibada mama mkwe aliniletea kile kipande. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasema mwanzo ulikuwa mzuri, alijisahau kabisa. “Ulitaka nini tena, baba?”

Nikakipokea kipande kwa mikono miwili.

Jumatatu, 11 Agosti

Nikampigia Eliya. Mkewe amejifungua salama, mtoto wa kike. Nikamwambia toazi limevunjika kwa sababu gari liliingia shimoni. Akasema, “Ulilichapa.” Kisha akacheka, akasema hata yeye la kwanza alilivunja hivyo hivyo. Nimrudishie, atalikata liwe dogo. Nikaona haya mpaka chai ikapoa.

Jumanne, 12 Agosti

Mama Blessing amenihamishia tenor.

Nimetafakari siku nzima. Kosa langu halikuwa mkono wala toazi. Kosa ni kukaa nyuma! Anayetazamwa ni Frank, mwimbishaji. Naiona kabisa safari ijayo ya kwaya, Ushirombo: mimi mbele, kipaza sauti, mji mzima umesimama.

Nimesikia koo la Frank halipatani na baridi. Kesho nitampelekea juisi ya ukwaju, barafu mpaka juu. Kama ndugu.

Kwa joto hili, atakataaje?