Bangili ya Moyo na Mnyoo wa Binti Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mnyoo wa binti yangu ameruhusiwa kuingia kwenye mishipa ya watu! Si mnyoo wa tumboni, kama wifi yangu alivyodhani akakunja pua. Ni roboti laini, mwembamba kama uzi wa kudarizi, anatambaa kama nyungunyungu na kuzibua palipozibwa na damu iliyoganda. Katengenezwa na mwanangu, niliyemzaa mimi niliyeishia darasa la saba. Asante Mungu.

Pia kanivalisha bangili ya kupima moyo. Inapeleka mapigo hospitalini kwa mtandao, usiku na mchana. Kasema nisiivue mpaka Jumapili. Mapigo yakiwa mabaya, nifunge chumba cha cherehani nipumzike. Nifunge? Na sare za shule atashona nani?

Jumanne, 4 Machi

Nimepata akili. Wifi, dada wa marehemu mume wangu, hajameza kidonge tangu azaliwe, na hachoki kutukumbusha. Nimempelekea bangili. Nimemwambia ndiyo mtindo mpya wa mabibi wa mjini. Kaigeuza geuza, kauliza mbona haina hata kito. Kaivaa hivyo hivyo. Moyo wa punda ule. Nimeshona mpaka jua likazama, roho kwatu.

Jumatano, 5 Machi

Gari la wagonjwa mlangoni kwangu. Binti kashuka mbio, machozi yanamtoka, kanikuta nakata kola. Akanitazama mkono. Akauliza bangili iko wapi. Nikasema iko salama. Akauliza salama kwa nani.

Tulimkuta wifi jikoni kwake, kajishikiza kwenye meza, uso umepauka. Anasema ni uchovu tu, na tusimchafulie sakafu kwa viatu. Wakambeba. Njiani nilisali kwa sauti ili binti anisikie.

Alhamisi, 6 Machi

Mnyoo kaingilia pajani, katambaa mpaka kwenye moyo, kazibua. Wifi mzima. Nimelia mbele ya wauguzi bila aibu. Binti anasema kilichomwokoa ni chombo, na kwamba mimi nimemdanganya yeye na shangazi yake kwa mpigo mmoja. Nikamwambia chombo hakikujipeleka kwa wifi chenyewe. Akageukia ukutani. Hasira, nilidhani. Kumbe mabega yanacheka.

Wifi naye kaanza. Anaitangazia wodi nzima kuwa mnyoo alitengenezwa kwa ajili ya shangazi mtu. Nimemwacha. Yu hai, na aseme. Baadaye kanishika mkono, kanong'ona kwamba mtindo wangu ni mbaya lakini umemponya. Sijawahi kupewa sifa nzuri kuliko hiyo.

Ijumaa, 7 Machi

Binti kanirudishia bangili. Tunaanza upya, majibu yake Jumapili ileile. Kifungo sasa anakifungua yeye peke yake. Nimemshukuru, nimembusu, nimemwita daktari wangu.

Alipoondoka nikajaribu sabuni ya vyombo. Mkono unateleza kutoka kwenye bangili vizuri kabisa.

Dada yangu mkubwa anapanda ngazi za ghorofa bila kuhema, na mkono wake ni saizi yangu. Nimemwomba aje kulala kwangu kesho, nimemkumbuka mno. Ukoo mzima nimeshaualika waje tumshukuru Mungu kwa ajili ya wifi, na binti akisoma majibu wasikie kwa masikio yao jinsi moyo wangu ulivyo wa kisichana. Waje wote Jumapili mchana.