Bomba Langu na Ukumbi Wenye Taa Tatu

Jumanne, 3 Juni

Nimedharauliwa! Na nani? Na damu yangu mwenyewe!

Dada yangu kaingia studio asubuhi, macho mekundu. Chuo cha michezo kimemkubali binti yake nusu nusu. Wanataka picha moja tu: anacheza mpira wa wavu, karuka juu, uso unaonekana, mpira unaonekana. Ifike Jumatatu. Ikifika, mtoto anasoma bure miaka mitatu. Isipofika, nafasi anapewa mwingine. Na mechi iliyobaki ni moja: fainali ya Jumamosi, ndani ya ukumbi.

Nikajipiga kifua. Nikamwambia umefika. Miaka kumi na tisa napiga picha za pasipoti. Sasa hivi kuna watu katika nchi kumi na moja wanavuka mipaka kwa kazi ya mkono wangu! Dada akasema wa pasipoti wanakaa kwenye stuli, kaka, hawaruki. Halafu, bila haya, akasema labda amwombe shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Fundi saa! Anayepiga picha kujifurahisha tu!

Nimekataa katakata. Mjomba wa mtoto ni mimi. Picha ni yangu.

Jumatano, 4 Juni

Nimekagua ukumbi. Taa kumi na mbili, zinazowaka tatu. Moja kati ya hizo inapepesa kama jicho la mwongo.

Nimewapiga picha wasichana wakiwa mazoezini, kwa kamera ya studio. Wote wametoka moshi. Mpwa wangu akatazama kioo cha kamera, akauliza, mjomba, huyu ni mimi au pazia?

Tatizo ni kamera. Si mpigaji! Nimempelekea mke wangu hoja. Alisikiliza huku anakunja nguo, akasema akiba yetu inatosha kamera moja. Moja, baba watoto, siyo moja na nyingine ya kurekebisha ile ya kwanza. Maneno makali kutoka kwa mtu aliyeshika soksi.

Alhamisi, 5 Juni

Duka la kamera. Muuzaji ni dada mmoja mwenye sauti ya upole, na upole huo huo ndio alionitukania.

Nilimweleza: ukumbi, giza, watu wanaruka. Akanitolea kikamera kama kipande cha sabuni, kilenzi chake kifupi na kinene. Kumtolea mtu mzima! Akasema lenzi ile ina tundu linalofunguka sana, kwa hiyo inanywa mwanga. Ukiwa na mwanga wa kutosha unaweza kupiga kwa kasi sana, na mchezaji hatoki moshi. Ila haivuti vitu vya mbali. Utasogea mwenyewe kwa miguu. Nikamwuliza kama nafanana na mtu wa kusogea kwa miguu.

Ndipo nikaliona. Rafu ya juu. Bomba! Lenzi ndefu kama mkono wa mtu mzima, nyeusi, imefungwa kwenye kamera yake, ina mkanda wa kubebea. Dada akasema, mzee wangu, hilo ni la kupigia ndege na simba juani. Tundu lake dogo, gizani halioni. Nikamjibu kwamba kitu kikubwa namna ile hakiwezi kushindwa kuona.

Akapendekeza tujaribu. Stoo, taa imezimwa, mlango umeachwa wazi kidogo, mlinzi wa duka anaruka. Kwa kikamera: mlinzi yuko hewani, meno yote yanahesabika, hata kifungo kilichokatika kinaonekana. Kwa bomba: kivuli cha buluu kilichovaa kofia.

Nikaelewa pale pale. Mlinzi alishachoka, mara ya pili aliruka ovyo. Nikamwambia. Akasema yeye kaajiriwa kulinda, siyo kuruka.

Nimechukua bomba.

Ijumaa, 6 Juni

Shemeji kapita nyumbani mchana, kile kioo chake cha ufundi bado kiko jichoni. Kalizunguka bomba mara mbili kama daktari. Akauliza, kwa adabu yake inayochoma, shemeji, hili tundu lake linafunguka kiasi gani? Nikamwambia kiasi cha kuitosha familia nzima.

Halafu akatamka! Kesho ataazima kikamera kile kile cha dukani, aje nacho. Kama akiba tu, shemeji. Akiba! Mke wangu akasema wazo zuri. Nimezungukwa na maadui, na wote wanakula kwangu.

Nimefanya mipango miwili. Wa kwanza: flashi mbili, nimezifunga juu ya kamera kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Wa pili: nimekwenda ukumbini na kubandika karatasi kwenye kiti cha mbele. MPIGA PICHA MKUU. Na viti vya jirani, kulia na kushoto: VIMELOWA.

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya aibu. Aibu yao, siyo yangu.

Kiti cha mbele ni karibu mno kwa bomba. Mpwa wangu karuka, nikaona sikio. Sikio peke yake! Nikahamia safu ya mwisho kabisa, karibu na vyoo. Sasa namwona mzima, lakini moshi.

Nikawasha flashi. Radi! Mchezaji wetu mmoja kafumba macho, mpira ukamgonga paji la uso. Ukumbi mzima ukageuka. Mama mmoja akapaza sauti, we mzee, unapiga picha au unachomelea geti? Refa kapanda ngazi zote, kanivua flashi na ule mpira wa baiskeli, akavitia mfukoni. Mimi! Mbele ya watu!

Nikaendelea bila flashi. Picha mia nne. Moshi mia nne.

Seti ya mwisho. Pointi moja imebaki. Watu wote wamesimama. Kutoka juu nikamwona shemeji na kikamera chake cha kuazima, kafunikwa na migongo ya mashabiki warefu, ananyoosha shingo, haoni kitu. Na mpwa wangu anarudi nyuma, anajiandaa kuruka.

Nilikuwa na haki ya kufurahi. Nilifurahi, kama sekunde mbili hivi. Halafu nikayaona macho ya dada yangu. Hakuwa akitazama mchezo. Anatutazama sisi wenye kamera, mmoja mmoja, mikono imeshika kichwa.

Nimeacha bomba kwenye kiti. Nimeshuka ngazi kama mwizi. Nikainama mbele ya shemeji. Nikamwambia panda! Akasitasita. Panda, bwana, kabla sijabadili mawazo! Akapanda mgongoni na viatu vyake. Juu yangu nikasikia mlio mdogo, kama mjusi. Mara tatu. Basi.

Jumapili, 8 Juni

Mpwa wangu yuko hewani. Mkono nyuma, mpira unaonekana mpaka mishono, uso wote, tabasamu. Imetumwa.

Dada kamkumbatia shemeji mpaka miwani ikapinda. Mimi nimepewa dawa ya kuchua mgongo. Hakuna aliyeuliza shemeji alikuwa amesimama juu ya nini! Nimedai picha iandikwe nyuma: Mpigaji, shemeji. Urefu, mjomba. Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini.

Baadaye mpwa wangu kaja mwenyewe kuniambia kwamba aliniona nikiinama. Ndiyo maana alicheka kule juu. Basi tabasamu ni kazi yangu pia. Nimelazimika kutoka nje kukagua paa.

Jumanne, 10 Juni

Amekubaliwa! Miaka mitatu, bure. Nimeutangazia mtaa mzima, pande zote mbili.

Habari zimeenea. Klabu ya ngumi imenialika kupiga picha za pambano lao la Jumamosi. Chini ya jengo, hakuna dirisha, balbu moja. Na dada wa duka, kwa upole wake ule ule, kanipigia simu kwamba amenionea huruma: nirudishe bomba, anipe kikamera, hatutadaiana.

Huruma! Nimemshukuru kwa heshima. Nimemwambia nimechunguza sana na chanzo cha moshi nimekijua. Bomba lilikuwa fupi.

Analo refu zaidi. Ila anasema ni zito, halishikiki kwa mikono, na stendi za miguu mitatu zimemwishia.

Si neno. Miwili ya shemeji inatosha. Nimeshamwambia aanze mazoezi ya kuinama.