Saa Moja ya Vancouver

Jumatano, 6 Agosti

Mjukuu wangu Hayat anakuja! Kazaliwa Vancouver, hajawahi kukanyaga Nairobi. Kaandika: "Babu, natua saa moja Jumamosi. Nakumiss!" Nimelia kidogo. Kisha nikaanza kupanga.

Gurusa yake ya kwanza, mkate wetu mwembamba wa kikaangoni, lazima ailie kwangu, Kawangware. Katika ukoo wetu wa Kinubi, ulikokula gurusa ya kwanza ndiko kwenu. Kaka yangu Abdulmajid anaitaka heshima hiyo. Yeye bado ana nyumba ya baba, Kibera. Yangu ilibomolewa, barabara ikapita sebuleni. Sasa nimepanga chumba huku Kawangware. Ameniuliza kama gurusa za Kawangware huuzwa pamoja na mitumba. Nimecheka. Hasira ilikuja baadaye.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepima safari kwa uzi juu ya tufe langu. Uzi umepanda, ukapita karibu na ncha ya kaskazini! Damu yetu juu ya barafu! Kilomita elfu kumi na nne na ushei. Saa kumi na sita angani. Muda wa kusubiri ndege ya pili nimeukadiria, nikaukadiria tena, hadi hesabu ikatoa saa moja asubuhi. Safi kabisa.

Mke wangu Mabrouka kauliza kwa nini nisimpigie tu mtoto simu. Hajui raha ya hesabu.

Abdulmajid nimemwambia saa saba mchana, ili achelewe. Kanishukuru mpaka nikaona haya. Kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Uwanja wa ndege tangu alfajiri, gurusa za moto kwapani. Saa moja, kimya. Saa tatu, kimya. Askari kanishauri nisome ubao wa ndege. Nikamwambia nimeshapima. Adhuhuri nikazima simu, nikaswali. Nikasinzia palepale.

Kuamka, nikawasha simu, ikaingia ya Abdulmajid. Ananishukuru! Saa saba kamili, kama nilivyomwambia, ndege imetua. Wamenitafuta, hawakunipata. Mtoto anakula Kibera.

Nikaenda, gurusa baridi mkononi. Hayat akanirukia. Ana macho ya marehemu mama yangu. Kilomita zote hizo, na amefika mzima! Alhamdulillahi. Akala gurusa zangu zote hivyo hivyo, baridi, akaniambia: "Babu, kwetu saa moja ni baada ya lunch!" Abdulmajid alicheka hadi akakohoa. Nikamsugua mgongo. Usiku Hayat kalala kwetu Kawangware, kwa hiari yake. Sina la kumdai Mungu.

Jumatatu, 11 Agosti

Furaha juu ya furaha! Mama yake Hayat, binti yangu Ruweida, niliyemfundisha mwenyewe kusoma saa ukutani kwetu Kibera, naye anakuja Ijumaa. Kaandika: "Baba, natua saa mbili."

Sidanganyiki tena. Saa mbili ya Vancouver ni saa nane yetu, mchana. Nitakuwepo saa nane kamili, gurusa za moto. Abdulmajid nimemwambia saa mbili asubuhi, ili apotee.

Kanishukuru tena, maskini.