Uzito wa Mratibu Mkuu

Ilitangazwa rasmi kwamba kuanzia Jumamosi, wananchi wa Tunduma na vitongoji vyake wataruhusiwa kutembea vilimani kando ya Ziwa Isunda wakiwa na mbwa wao, kwa mujibu wa utaratibu. Miaka yote walikuwa wakitembea na mbwa wao hapo bila utaratibu wowote, jambo lililomkosesha raha kabisa Bwana Gwalugano, Mratibu Mkuu wa Matembezi ya Mbwa.

Ilihitajika fomu. Sasa, kutunga fomu mpya ni vikao kumi na kimoja, na Jumamosi hiyohiyo mgeni rasmi alikuwa anakuja kuchagua mkurugenzi wa hifadhi nzima. Cheo hicho Gwalugano alikitaka kufa na kupona. Mkewe Atupele alishaanza kumwita mkurugenzi akimwekea chai. Basi akachukua fomu ya malori, maana alikaa miaka tisa kwenye mizani akipima malori ya kwenda Nakonde, na fomu nzuri haitupwi. Chombo: mbwa. Ekseli: mbili, kwa kuwa miguu ni minne. Mzigo: mtu anayefuatana na mbwa. Halafu akaongeza kipengele chake mwenyewe, akakipigia mstari: mzigo usizidi uzito wa chombo.

"Mkuu," Felista wa getini akauliza, "mtu gani huyo mwepesi kuliko mbwa?"

"Felista, wewe umeajiriwa kutekeleza au kufikiri?"

"Kutekeleza, Mkuu."

"Haya. Akipita mtu mmoja nje ya fomu, awe nani awe nani, kibarua chako kimeota nyasi."

Wananchi wala hawakushtuka. Mtu aliyekulia kwenye foleni ya malori umtishie mizani? Jumamosi asubuhi Amoni wa Ihanda akatokea na mbwa watano kwenye kamba moja, akaandikwa kichwa kimoja na matela manne, uzito wao ukajumlishwa, akapita. Watu wa Chapwa wakaazimana mbwa, hata majirani wasiosalimiana. Mgeni rasmi, mama mmoja mcheshi, alisoma bango la masharti getini, akacheka mpaka akajifuta machozi, akaazima mbwa sita, akapimwa na kuingia.

Saa nne Gwalugano akashuka garini na kaunda suti yake mpya na kijibwa cha kuazima, kimefungwa utepe shingoni. Akaipita mizani kwa pembeni.

"Shikamoo, Mkuu. Mizani iko huku."

"Marahaba. Mimi tena?"

"Uliniambia awe nani awe nani."

Akapanda, watu wanamtazama. Kijibwa kilo nne, Gwalugano tisini na nane. Felista akasoma mara mbili, si kwa ubaya, ndivyo fomu inavyotaka.

"Chombo kiko sawa, kiende. Mzigo umezidi kilo tisini na nne. Ushushwe."

"We Felista! Kuna kibali maalumu cha uzito uliozidi!"

"Kipo, Mkuu. Anatoa Mratibu Mkuu."

"Si ndiyo mimi!"

"Anatolea ofisini kwake. Huko ndani."

Akafungua geti kidogo tu. Kijibwa kikapita kikitikisa mkia, geti likafungwa.

Gwalugano akabaki nje. Kutoka ndani alisikia makofi na mbwa wakibweka, kisha mgeni rasmi kwenye kipaza sauti: "Mratibu wenu yuko wapi jamani?"

"Mama, kimefika kijibwa chake," akajibu Amoni.

"Basi nashukuru. Angalau mmoja katika ofisi hii anafuata utaratibu." Wakakivisha shada la maua lililokuwa la mkurugenzi mpya. Kicheko kilivuma mpaka ng'ambo ya ziwa.

Gwalugano alitamani kulia, lakini mtumishi wa umma hakati tamaa. Akaegemea boneti ya gari, akaandika barua: Kwa Mratibu Mkuu. Yah: Ombi la kibali cha uzito uliozidi. Akasaini na kuipitisha dirisha la getini kwa heshima zote.

Felista akaipokea kwa mikono miwili na kuigonga mhuri. Akatembea hadi ofisini, akabisha hodi, akasubiri, akarudi taratibu.

"Pole, Mkuu. Mwenyewe hajafika. Labda uje Jumatatu."