Kitunguu Saumu na Wenzake Wametuvamia Mezani

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Jikoni na Afya,

Pokea salamu kutoka ghorofa ya nne, mlango wa mwisho, ambako mimi, kijana niliyesoma hadi pale mimi na shule tuliposhindwana, nakuandikia kwa adabu zote huku tumbo likiunguruma. Mwandiko usikutishe. Hapa mtaani mimi ndiye ninayeandikia watu barua za posa, na zilizokataliwa ni chache.

Chanzo cha yote ni ninyi. Mzee wangu alirudi kutoka hospitalini na presha, akaambiwa apunguze chumvi na mafuta. Ngazi zikawa adui yake. Kila ghorofa husimama akisingizia kuwasalimia majirani, nao wanamsifu kwa ukarimu, kumbe mtu anatafuta pumzi. Mama, kwa uchungu wake, akaanza kukata ukurasa wenu na kuubandika ukutani karibu na jiko. Tangu hapo hatuli, tunaelimishwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna kugusa kijiko kabla historia ya kiungo cha siku haijasomwa kwa sauti. Msomaji ni mimi, kwa kuwa nina sauti nzuri, hilo sibishi. Lakini juzi mlituletea pilipili manga, jinsi wafalme walivyoitafuta kwa merikebu. Nilipofika kwenye faida zake tumboni, mchuzi ulishaganda. Wafalme walikufa zamani, Mhariri. Njaa yangu ni ya leo.

2. Baada ya kusoma kuna maswali. Shangazi alikumbuka kwamba zamani kuna watu walioiogopa nyanya wakidhani ni sumu, akaongezewa wali. Mimi nilisema hata sasa wapo wanaoiogopa, nikajitaja. Nikaambiwa ninywe maji, ambayo nayo yana faida zake.

3. Kitunguu saumu. Mliandika kwamba wajenzi wa kale walikila wapate nguvu za kubeba mawe. Mimi kazi yangu ni kujaza sponji kwenye makochi; nguvu za mawe nizipeleke wapi? Isitoshe, binti wa cherehani wa duka la pili, ambaye alikuwa amebakiza kidogo tu kunielewa, sasa ananisalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Ananipungia mkasi.

4. Chumvi. Mlisema enzi hizo ilikuwa kitu cha thamani. Mama kawaamini, kaifungia kabatini chini ya mashuka.

5. Hili ndilo zito. Kwenu tangawizi ni dawa, manjano ni dawa, mdalasini ni dawa. Sawa. Basi mimi nameza dawa asubuhi, mchana na jioni. Ama ni mgonjwa, na mniandikie cheti nikampe bosi anipumzishe. Ama ni mzima, na Mama anikaangie viazi. Njia ya tatu hakuna, nimeitafuta.

Kwa hiyo naomba ukurasa ufungwe. Mkiona vigumu, basi chapisheni historia na faida za viazi vya kukaanga, vyenye chumvi, na daktari atie sahihi. Daktari akikosekana, nipo.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti wote, na huyo anayekupikia nyumbani, ambaye nina hakika hajawahi kusoma unayoyaandika.

Wako mwenye njaa iliyoelimika,
Kijana wa Makochi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, jirani wa ghorofa ya pili kapanda kuja kushtaki. Anasema jana Mzee kapita mlangoni kwake bila salamu, na leo tena, na anataka kujua katukosea nini. Mzee, aliyekuwa ndio kwanza anaingia, kamgeukia pale pale mlangoni, hata hahemi, akamwambia, "Nisamehe, binti yangu. Nilisahau kuchoka."

Mama kakimbilia jikoni kukata vitunguu, na chakula kilishaiva zamani.

Basi ukurasa msiufunge. Wiki ijayo andikeni ndefu tu. Nitausoma wote, mchuzi na ugande.