Spika ya Kati na Kuku wa Mandewa

Jumatatu, 7 Julai
Nimetangaza wakati wa chakula: sendofu ya binti yetu Witness, Jumamosi, hapa nyumbani, hakuna kukodi muziki. Spika naunda mwenyewe. Mke wangu Asnath akauliza kama ni kwa mikono ile ile iliyojenga banda la kuku. Banda liliangushwa na upepo. Upepo wa Singida nani asiyeujua?

Anachohofia ni kimoja. Witness anaolewa Kilimatinde, na mama mtu anataka kila neno la kumuaga lisikike hadi viti vya nyuma. Litasikika! Kaka yake Asnath, shemeji Fabiano, anayekodisha muziki, alicheka mpaka akashika ukuta. Kasema ataegesha gari lake la vyombo jirani, tukikwama tumwite.

Jumanne, 8 Julai
Boksi tayari. Mbao za kitanda cha wageni. (Watalala chini, ni ndugu.) Besi ipo, twita ya sauti nyembamba ipo. Imebaki spika ya kati, ile inayobeba sauti ya mtu. Bila hiyo msemaji husikika kama kafungiwa kwenye pipa.

Nimepata tatu kwa mafundi wa sokoni. Moja ina sumaku nzito kama jiwe la kusagia. Moja ya gari. Moja ndogo, ya televisheni ya kizamani, imepauka. Moyo uko kwa ile nzito. Mwanaume huchagua kwa uzito.

Jumatano, 9 Julai
Masikio yananisaliti. Naipenda nzito, nikinywa chai naipenda ya gari. Nikamwita Asnath asikilize. Kasema zote kelele.

Ndipo wazo! Alipotoka kuwapa kuku mtama nikamrekodi kwa siri: kuru-kuru-kuru, njooni wanangu! Kuku hana upendeleo. Spika atakayoitii ndiyo yenye sauti ya mtu.

Alhamisi, 10 Julai
Mtihani umefanyika, Asnath akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Sumaku nzito: kuku wote chini ya mkokoteni, wakidhani radi. Ya gari: kaja jogoo mmoja, kanitazama, kaondoka. Ya televisheni: mafuriko! Hata kuku wa jirani yetu Damari waliruka ua. Damari akaja kuuliza nawakusanyia nini. Nikamwambia ni utafiti. Akawaswaga kwao huku akigeuza shingo kunitazama.

Ijumaa, 11 Julai
Nimeifunga ile ndogo. Shemeji kapita, kasema hiyo ni ya kutupa. Nikamjibu imechaguliwa na wataalamu. Hakuuliza wataalamu gani. Nashukuru.

Jumamosi, 12 Julai
Mshereheshaji Derick alisema tu shikamooni wazee, na marahaba ikatoka viti vya nyuma kabisa! Nilimwangalia shemeji. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Witness akaingia. Nikabonyeza wimbo wa kumpokea. Haukuwa wimbo. Ilikuwa kuru-kuru-kuru, njooni wanangu.

Wakaja. Kuku wa Mandewa nzima! Chini ya meza, juu ya meza, jogoo wa Damari kwenye keki. Shemeji akakimbilia gari lake kwa furaha ya wazi. Asnath akanigeukia. Heri ningeingia ndani ya boksi.

Witness alicheka hadi machozi, kisha yakabaki machozi tu. Akachukua maiki, akasema sauti hiyo imemwamsha tangu mtoto, akauliza Kilimatinde ataamshwa na nani. Akaomba irudiwe. Nikairudia. Mama na mwana wakakumbatiana, na viti vya nyuma vikalia pia, maana kila neno lilifika. Kuku nao wakaja upya.

Jumapili, 13 Julai
Asnath kanisemesha mara moja, kunijulisha kuwa mama yake mzazi amelala sakafuni. Lakini ile sauti yake ya kuwaita kuku ameiruhusu ibaki. Witness ameihamishia kwenye simu yake.

Jioni shemeji kaja, mpole, kuuliza spika ile niliitoa wapi. Nimemwambia ni siri ya kitaalamu.

Sasa nimegundua kosa langu. Besi haikufanyiwa mtihani! Simoni wa Mungaa ana dume la ng'ombe lenye mngurumo wa kutisha, na mwezi ujao Damari ana kipaimara cha mwanawe. Nitalirekodi. Besi kubwa inataka boksi kubwa, lakini mbao si tatizo.

Kitanda chetu bado kipo.